Ua Unaoishia Mtoni: Mhadhara juu ya Mbu kwa Wenye Nyumba wa Kisii na Nyamira



Nyumba ya Pwani ina ua wenye mpaka unaoonekana kwa macho, ukuta au uzio wa makuti, na aliyemo ndani yake ajua pa kuanzia na pa kukomea atakapo kuusafisha. Lakini katika vilima hivi vyetu, kuanzia Manga na Keroka hadi Kebirigo, Ogembo na Kiamokama, nyumba aghalabu hujengwa juu, karibu na njia ipitayo mgongoni mwa kilima, na shamba la aila huteremka kutoka ukutani mwa nyumba hiyo kwa ukanda mwembamba, likapitia migombani, kwenye mahindi, kwenye chai na nyasi za ng'ombe, hata likagusa maji ya kijito bondeni. Nimeombwa nizungumze juu ya kumzuia mbu katika ua wa nyumba, na rai yangu, ambayo nitajitahidi kuithibitisha kwa hoja, ni kwamba mwenye nyumba wa Kisii au wa Nyamira sharti auhesabu ua wake kuwa unaanzia mlangoni na kuishia mtoni, na kwamba kila shimo lenye maji lililomo katika ukanda huo, awe alilichimba yeye, au baba yake, au fundi wa matofali aliyekodishwa kipande kwa miezi michache, ni lake na limo katika dhamana yake.

Wapo miongoni mwetu wanaoshikilia kwamba malaria ni maradhi ya watu wa ziwani, na kwamba huku juu huletwa na wasafiri tu. Itikadi hiyo haikuzushwa bure, kwani zamani ilikuwa na ukweli ndani yake. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baadhi ya vilima vya Nyamira hupita mita 2,000. Na mwanzoni mwa karne ya ishirini malaria ilikuwa haba katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya, mpaka Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918 vilipokwisha, askari na wapagazi wakarejea makwao wakiwa na vijidudu vya maradhi damuni mwao, na homa ikazuka katika nchi ya Wanandi ambako haikuwa imezoeleka. Mnamo 1945 tabibu Mwingereza P. C. C. Garnham, aliyekuwa amehudumu Kenya tangu 1925, alichapisha katika jarida la madaktari la kwao habari za milipuko ya malaria ya Kenya katika miinuko ambayo wengi walidhani haifikiki kwa maradhi hayo. Kisha ikaja miongo ya utulivu, na baada yake, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, milipuko ikarudi kwa nguvu, na Kisii, Gucha na Nyamira zikawa miongoni mwa wilaya zilizoteseka, hasa katika miaka ya mwisho ya karne ile, wakati wodi zilipojaa wagonjwa wa kila umri.

Nasema wa kila umri kwa makusudi. Mtu aliyekulia kando ya ziwa, akiumwa na mbu wenye maradhi tangu utotoni, hupata kinga fulani isiyokamilika, ambayo humwezesha akiwa mtu mzima kuugua kidogo na kupona. Ilhali mtu wa nyanda za juu, ambaye huenda akapita miaka bila kuumwa na mbu wa namna hiyo, hana kinga kama ile, na mwaka wa mlipuko unapofika baba mwenye nguvu zake huanguka kitandani sawasawa na mtoto wake. Ndiyo sababu uchache wa malaria kwetu haupaswi kutuletea utulivu wa moyo.

Kilichotukinga zamani ni baridi, na inafaa tuelewe baridi hiyo inafanyaje kazi. Mbu jike anapofyonza damu ya mgonjwa, vijidudu vya malaria havipiti papo hapo kwenda kwa mtu mwingine, bali lazima vikue ndani ya mwili wa mbu mpaka vifike katika mate yake, na muda wa kukua huko hutegemea joto: kwenye nyuzi 25 huchukua kiasi cha siku 12, kwenye nyuzi 20 hukaribia siku 28, na chini ya nyuzi 16 hivi hukoma kabisa. Sasa, mbu haishi sana. Wengi wao hufa kabla ya majuma matatu kutimia. Kwa hiyo mahali penye wastani wa nyuzi 19 au 20, kama hapa petu, mbu wengi hufa kwa umri kabla hawajawa na madhara, na ongezeko la nyuzi moja au mbili tu, liwe la mwaka wa joto kupita kiasi, au la kukata miti iliyokuwa ikitia kivuli, huwageuza mbu waliokuwa kero tu wakawa wauaji. Yaw Afrane na wenzake walipopima nyumba za Kakamega, katika utafiti waliouchapisha 2005, waliona kwamba nyumba zilizo mahali palipokatwa msitu zina joto zaidi ndani yake kuliko zile zilizo karibu na miti, na kwamba mbu wa nyumba hizo humeng'enya damu upesi zaidi na kurudi kuuma mapema zaidi. Sisi tunaoishi zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba ya Kisii, na zaidi ya 600 katika kila kilomita ya Nyamira, hatuna msitu wa kuachia. Lakini tuna mabonde, na katika mabonde hayo bado twaweza kuchagua.

Sharti pia tuwatofautishe mbu wenyewe, maana mtu asiyemjua adui yake hupigana na kivuli. Yule mbu anayeimba sikioni usiku mzima, akazaliwa katika choo cha shimo chenye maji na katika mtaro wa maji machafu ya jikoni, aghalabu ni kuleksi, ambaye hasambazi malaria, ingawa kule Pwani husambaza matende na mabusha. Yule mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeuma mchana, ni aedesi, mpenda mitungi, matairi na hata maji yanayotuama katika makwapa ya majani ya migomba. Ndiye aliyewaletea watu wa Mombasa homa ya dengi na chikungunya katika miaka ya karibuni. Mwenye malaria ni anofelesi, na huyu ana tabia ya kinyume na wanavyomdhania wengi, kwa kuwa hapendi uchafu: hutaka maji yaliyotulia, yasiyo na kina kirefu, yanayopigwa na jua, na upya wa kidimbwi humvutia kuliko ukongwe wake. Alama ya kwato ya ng'ombe iliyojaa mvua yamtosha. Anapotua ukutani huinua tumbo lake juu na kuinamisha kichwa, na viluwiluwi vyake, badala ya kuning'inia kichwa chini kama vya kuleksi, hulala bapa juu ya maji, sambamba na uso wake. Mtoto wa shule ya msingi aweza kuvitambua kwa kijiko cheupe na jicho la makini, na ningependa kila mtoto wa darasa la tano katika kaunti hizi mbili afundishwe hivyo kama anavyofundishwa jedwali la kuzidisha.

Basi tuteremke pamoja bondeni, kwani huko ndiko mambo yalikolala.

Andrew Githeko na wenzake, katika utafiti wa Iguhu huko Kakamega uliochapishwa 2006, walilinganisha watu wa nyumba za bondeni na wale wa nyumba za juu ya kilima, wakakuta kwamba wa bondeni huambukizwa malaria zaidi sana kuliko jirani zao wa juu, ijapokuwa kati yao ni mwendo mfupi wa miguu. Sababu yake ni maumbile ya nchi: mvua zetu, ambazo hufika milimita 1,500 na zaidi kwa mwaka, hazitulii juu ya mteremko, hukimbia chini, na mahali pa pekee panapoweza kuzihifadhi kwa majuma mengi ni sakafu ya bonde. Zamani sakafu hiyo ilifunikwa na mafunjo na matete, maji yake yakawa baridi na yenye giza, na anofelesi hakuyapenda. Lakini ardhi ilipokuwa finyu tuliyafyeka matete hayo, tukachimba vitalu vya nduma na mboga, tukafungulia ng'ombe, na juu ya yote tukaanza kufyatua matofali.

Matofali! Hapa naomba ruhusa nikawie kidogo. Hakuna asiyejua jinsi mji wa Kisii ulivyopanuka, na jinsi Nyamira, Keroka na Ogembo zinavyoinuka; na kila nyumba inayojengwa kwa matofali ya kuchoma, kabla haijapata dirisha, imekwisha kuacha nyuma yake shimo bondeni, kwa kuwa udongo mzuri wa mfinyanzi upo huko karibu na maji. Fundi huchimba, hufyatua, huanika, huchoma, huuza, kisha huhama, shimo hubaki. Mvua za Machi hulijaza, jua la mchana hulipasha, hakuna samaki wala vyura wa kutosha wala wadudu walao viluwiluwi waliokwisha kuhamia humo, na baada ya majuma machache mbu hutoka wakiwa makundi, wakapanda mteremko kufuata pumzi ya watu na ya ng'ombe. Shimo lingine la jirani hufanya vivyo hivyo. Na kwa kuwa mashimo haya hubaki na maji hata miezi ya ukame, huwahifadhi mbu katika wakati ambao zamani walikuwa wakipungua wenyewe, hivyo kwamba msimu wa mvua unaporejea haukuti mbegu chache bali hukuta jeshi tayari. Hali ni hiyo hiyo kwa mashimo ya changarawe yaliyoachwa na watengenezaji wa barabara, na kwa machimbo ya mawe ya sabuni huko Tabaka yanapoachwa yakajaa mvua. Simlaumu fundi, kwani anatafuta riziki yake kwa kazi ngumu; namlaumu mwenye shamba anayepokea fedha ya udongo na kusahau shimo.

Lipo shimo la namna nyingine, nalo lina kisa ambacho naona fahari kukisimulia, kwa kuwa kilitendeka hapa hapa kwetu na kikasomwa na wataalamu wa ulimwengu mzima. Tangu miaka mingi serikali na mashirika wamewahimiza watu wa Kisii kuchimba mabwawa ya samaki, na wengi walichimba. Lakini chakula cha samaki kilipokuwa ghali, au vifaranga vilipokosekana, au mwizi alipopita usiku, mabwawa mengi yaliachwa yakaota nyasi. Annabel Howard na François Omlin, waliochunguza mabwawa ya wilaya ya Kisii ya Kati, waliona kwamba bwawa lililoachwa lina viluwiluwi vingi vya anofelesi kuliko bwawa linalotunzwa. Kisha, pamoja na mwenzao Guofa Zhou, walifanya jaribio la wazi kabisa: waliyachukua mabwawa yaliyoachwa, wakatia samaki wa jamii ya perege katika baadhi yake, yule ambaye jirani zetu wa ziwani humwita ngege na ambaye twampenda sana sahanini, na mengine wakayaacha kama yalivyo ili yawe kipimo. Baada ya majuma 15 viluwiluwi vya anofelesi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94 katika mabwawa yenye samaki, na vile vya kuleksi na jamaa zake kwa zaidi ya asilimia 75. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007.

Tafakarini maana yake. Samaki yule yule anayempa mwenye bwawa kitoweo na fedha ndiye mlinzi wa aila yake, hatozi mshahara, wala hapungukiwi na bidii usiku. Na hiyo ndiyo inayonihuzunisha ninapokumbuka kwamba chini ya mpango wa kuchangamsha uchumi ulioanza mwaka wa fedha wa 2009 na 2010, serikali ilichimba mabwawa 200 katika kila jimbo la ubunge kati ya majimbo 140, yakiwemo ya kwetu, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300. Nia ilikuwa njema na kazi ilikuwa kubwa, lakini mabwawa kadha wa kadha yaliachwa baada ya mavuno ya kwanza au ya pili, na bwawa lililoachwa, kama tulivyoona, ni kitalu cha mbu kilichogharamiwa na hazina ya umma. Kwa hiyo mwenye bwawa ana mawili tu ya halali: ama alitie samaki na kulitunza, akikata nyasi za ukingoni ili samaki wafikie kila pembe, maana viluwiluwi hujificha kwenye nyasi hizo, ama alifukie. Njia ya tatu, ya kuliacha likingojea siku ambayo mambo yatakuwa mazuri, ni dhuluma kwa jirani.

Kwa mahali pasipoweza kufukiwa, kama vile chemchemi na kingo za kijito, kivuli hufanya kazi nzuri. Wataalamu kadhaa, miongoni mwao Githeko huyo huyo, walionyesha mwaka 2010 kwamba mabingobingo, yale majani ya nepia ambayo kila mwenye ng'ombe wa maziwa katika kaunti hizi huyapanda, yakiachwa yarefuke kando ya mifereji na madimbwi huyatia maji kivuli na baridi, na viluwiluwi vya anofelesi hupungua. Basi mkulima akipanda majani yale kwenye kingo za mfereji wake wa nduma, akayakata kwa zamu asiuache mfereji wazi wote kwa wakati mmoja, amepata lishe ya ng'ombe na tadbiri ya afya kwa jembe moja. Kuhusu mikalitusi sina budi kusema kwa tahadhari: ni kweli kwamba hunywa maji na kukausha kinamasi, na wapo wanaoipanda bondeni kwa sababu hiyo, lakini mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliamuru iondolewe kandokando ya mito na chemchemi, na mtu asitumie kisingizio cha mbu ili aivunje amri iliyowekwa kuwalinda watu wanaokunywa maji ya mto huo chini yetu. Na kwa mahindi, yaliyo nguzo ya chakula chetu, jueni kwamba utafiti wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 2000 uligundua kwamba chavua ya mahindi, inapoanguka ndani ya vidimbwi wakati wa kuchanua, ni chakula kizuri kwa viluwiluwi vya anofelesi. Haimaanishi tuache kulima mahindi, bali kidimbwi kilicho katikati ya mahindi yanayochanua ndicho cha kwanza kufukiwa.

Tukipanda sasa kurudi nyumbani, tutakuta mambo madogo ambayo kila mtu ayajua na wachache wayafanya. Tangi la maji ya mvua, ambalo ni neema kubwa kwa mama wa nyumba, lisipokuwa na kifuniko kamili na wavu mwembamba mdomoni mwa bomba la kuingizia maji, huzalisha mbu mwaka mzima. Gata iliyolegea na kuziba kwa majani ya mkalitusi hushika maji juu, mahali ambapo hakuna achunguzaye. Tairi lililowekwa juu ya bati ili upepo usilibebe, kopo la rangi, chungu cha kunyweshea kuku, mtungi uliopasuka: vyote hivyo vimwagwe au vitobolewe. Katika hali ya hewa yetu yai la mbu halifiki kuwa mbu kamili chini ya juma moja, kwa hiyo duara moja la kuzunguka nyumba kwa juma latosha, na desturi za watu wetu zimekwisha kutuandalia siku: aila za Kiadventista, ambazo ni nyingi hapa kwetu, husafisha nyumba siku ya maandalio, Ijumaa, na Wakatoliki wa Nyabururu na kwingineko waweza kufanya hivyo Jumamosi, kabla ya Misa. Jambo la tangi limepata uzito mpya tangu mwisho wa 2022, wakati ilipothibitika kwamba mbu wa Asia aitwaye Anopheles stephensi, anayebeba malaria na anayependa kuzaliana katika matangi ya mijini, amefika kaskazini mwa Kenya.

Kuhusu vyoo, Zanzibar inatupa mfano ulio bora kuliko maneno yangu. Huko Makunduchi, mnamo 1988, wataalamu walimwaga chembe nyepesi za polisterini juu ya maji ya vyoo vya shimo, zikaelea na kuwa tabaka moja ambalo viluwiluwi havikuweza kupenya kuvuta hewa; pamoja na dawa ya matende waliyopewa watu, mbu wa vyooni wakapungua ajabu na maambukizo yakashuka. Kwetu vyoo vingi ni vikavu, lakini bonde lenye maji ya juu hufanya shimo kuwa kisima, na penye choo cha namna hiyo kifuniko cha tundu na wavu kwenye bomba la hewa ni wajibu wa chini kabisa.

Sitaki mtu atoke hapa akidhani kwamba maneno yangu ya maji yanafuta haja ya chandarua. Hasha! Uchunguzi uliofanywa Gucha na Kisii karibu na mwaka 2000 ulithibitisha kwamba chandarua chenye dawa na unyunyiziaji wa dawa ukutani vyote viwili vinapunguza maambukizo kwa kiasi kikubwa, na utafiti mwingine wa mabonde sita ya nyanda za juu za magharibi, uliochapishwa 2009 na Ulrike Fillinger na wenzake, ulionyesha kwamba watu waliolala ndani ya vyandarua na pia wakatiliwa dawa ya bakteria ya kuua viluwiluwi kwenye maji ya bonde lao walikingika zaidi sana kuliko waliotegemea vyandarua peke yake. Kimoja ni ngao na cha pili ni upanga. Na hapa kwetu tuna haki maalumu ya kujivunia ngao hiyo, kwa sababu dawa iliyomo chandaruani ni mtoto wa pareto, lile ua jeupe ambalo wazee wetu walililima katika vilima hivi hivi, wakati Kenya ilipokuwa ikiongoza ulimwengu kwa pareto. Wanasayansi wa Rothamsted huko Uingereza, chini ya Michael Elliott, ndio walioiga sumu ya ua hilo wakatengeneza pemethrini mwaka 1973. Leo mashamba ya pareto yamebaki machache, kwa kuwa malipo yalichelewa hata wakulima wakang'oa, na mbu wa magharibi ya Kenya wameanza kuihimili ile dawa ya kuigwa. Dhidi ya dawa mbu aweza kujizatiti, kizazi baada ya kizazi. Lakini hakuna kiluwiluwi aliyewahi kujifunza kuishi mahali palipofukiwa.

Ziko pia juhudi zinazofanywa kwa nia safi zisizofikia lengo. Mtu hufyeka vichaka vyote vya ua wake na kukata majani ya migomba, kisha hustaajabu kwamba malaria haikupungua; vichaka huwapa mbu mahali pa kupumzika, ni kweli, lakini mbu wa malaria hawazaliwi vichakani. Mwingine humwaga oili chafu ya gari kwenye dimbwi. Oili hiyo huua viluwiluwi, lakini huua pia samaki na kutia sumu katika maji ya wenzake wa chini, na pasipo haja, kwani ipo dawa ya bakteria isiyodhuru samaki wala binadamu. Mwingine hufunga chandarua kuzunguka kuku au kitalu cha sukuma, akawaacha watoto wazi. Na wengi wetu tuna nyumba zenye upenyo mpana kati ya ukuta na paa, ambao ndio mlango mkuu wa anofelesi usiku. Dari ya kawaida, hata ya mikeka, huuziba.

Yabaki suala la jirani, ambalo ni gumu kuliko yote. Mbu wa anofelesi huruka mamia ya mita, pengine kilomita na zaidi, ilhali mashamba yetu mengi ni membamba kuliko uwanja wa kandanda, hivyo kwamba shimo langu ni maradhi ya mtoto wako. Sheria yatambua hilo: Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza kutumika mwaka 1921, ina sehemu nzima juu ya mbu, na huhesabu maji yenye viluwiluwi katika eneo la mtu kuwa kero ambayo mwenyewe aweza kuamriwa kuiondoa. Lakini afisa wa afya hawezi kutembelea kila mteremko, na kumshtaki jirani kwa sababu ya shimo la matofali kutaleta uhasama wa miaka. Bora zaidi ni mapatano ya mteremko mzima, nyumba zilizo upande mmoja wa kilima, kutoka barabarani hadi kijitoni, zikichagua siku moja ya kuteremka pamoja na majembe. Haya si ndoto. Mwaka 1930 mbu wa Afrika alivuka bahari akaingia Brazili karibu na mji wa Natal, na kufikia 1938 alikuwa amewaangamiza maelfu ya watu kwa malaria; Fred Soper, aliyeongoza kampeni ya kumtokomeza, na watumishi wake wakazunguka nyumba kwa nyumba na dimbwi kwa dimbwi, wakatia dawa majini na kunyunyizia pareto majumbani, na kufikia mwisho wa 1940 mbu yule hakuwapo tena katika nchi ile. Hawakuwa na chanjo wala vyandarua vyenye dawa. Walikuwa na orodha ya maji yote, na mtu aliyewajibika kwa kila mojawapo.

Mvua ndefu huanza Machi, na malaria ya nyanda za juu hufikia kilele chake baadaye, karibu na Juni na Julai, wakati mashimo yamejaa na viluwiluwi vimepata muda. Kwa hiyo miezi yetu ya kazi ni Januari na Februari, udongo ukiwa mkavu na jembe likiwa jepesi. Nawaomba, kabla ya Machi ijayo, kila mwenye shamba ateremke hadi mwisho wa ukanda wake, ayahesabu maji yote yaliyotuama, na ayafukie, ayatie samaki au ayatie kivuli. Na anayekodisha udongo kwa fundi wa matofali aandike katika mapatano, kabla ya kupokea shilingi ya kwanza, kwamba sehemu ya fedha haitalipwa mpaka shimo lirudishiwe udongo na kusawazishwa.